Ngozi ya Nyanungu Kwenye Boti ya Wanamaji

Sijawahi kuona boti iliyozama kwa kukosa bunduki. Iliyotaka kuzama kwa sababu ya kipande cha ngozi ya ng'ombe, hiyo nimeiona kwa macho yangu, tena nilikuwa ndani yake, tena siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vipya.

Sogeeni karibu, nyie vijana mnaoitwa maofisa manunuzi. Mnakaa mbele ya kompyuta, mnabonyeza, mzigo unakuja, mnasaini, mnaenda kunywa chai. Mimi niliwanunulia wanamaji vifaa vya boti zao za doria pale Musoma miaka ya ujamaa, na shule yangu iliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu nyumbani Nyanungu ng'ombe walikuwa wengi kuliko wachungaji. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Huruma pelekeni kwingine. Nasema ili mjue kwamba haya ninayowaambia sikuyakuta kitabuni. Niliyalowea.

Injini hazikuwa zangu. Injini na bunduki zilinunuliwa na wakubwa, wakipanda ndege na kupeana mikono na wageni. Vilivyobaki vyote vilikuwa vyangu: kamba, minyororo ya nanga, maboya, taa, betri, mipira ya kuzimia moto, ndoo, pampu. Wakubwa waliviita vifaa vya ziada. Neno hilo lilinichekesha mpaka nastaafu. Subiri uwe katikati ya ziwa, maji yako magotini, halafu uniambie pampu ni kitu cha ziada!

Niliingiaje kazini? Kwa mkojo wa ng'ombe. Msicheke, ndiyo kweli yenyewe.

Nilikuwa dalali pale mnadani Tarime. Siku moja akaja afisa mmoja wa wanamaji, kavaa vizuri, anatafuta ng'ombe wa kitoweo cha kambi. Huyo ndiye Injinia Salehe, mtu wa Tanga, mkuu wa karakana ya boti. Akasimama mbele ya dume moja, tumbo limejaa, linang'aa kama ngoma. Akaanza kutoa hela. Mimi mdomo wangu hauna lango, nikamwambia, "Afande, unanunua maji."

"Maji gani?"

"Huyo amelambishwa chumvi, halafu kanyweshwa mto mzima. Mwache kwanza akojoe. Ukiona bado unamtaka, mchukue."

Mwenye ng'ombe akanitukana kwa Kikurya, nami nikamrudishia kwa Kikurya, kwa faida. Salehe akasubiri. Lile dume likaanza kukojoa, likakojoa, likakojoa mpaka kina mama wauza ndizi wakahamisha ndizi zao. Lilipomaliza, mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa Sirari, kule mpakani. Salehe alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Wewe Mkurya, unajua kamba?"

"Najua kamba ya kufungia ng'ombe."

"Inatosha. Wanaoniuzia kamba za boti ni ndugu wa huyu."

Na kweli walikuwa ndugu! Wiki yangu ya kwanza karakanani ukaja mzigo wa kamba za katani, zinauzwa kwa uzito. Nikashika ncha moja nikaikamua kama unavyokamua shuka. Maji chururu! Ng'ombe ni yule yule, kabadilisha ngozi tu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ilipo kazi yote. Kwetu ukitaka mtamba, humnunui barabarani. Unakwenda nyumbani kwa mwenye mtamba, unakaa, unapewa maziwa, halafu unaomba kuonyeshwa mama yake. Unamtazama mama kiwele, unamtazama kwato, unauliza amezaa mara ngapi, na unatazama pia huyo mwenye boma: watoto wake wanamwogopa au wanamheshimu, fahali wake kamfunga wapi, majirani wanamsalimu vipi. Ukishamwona mama, mtamba unamjua. Mimi niliwafanyia wauzaji wa vifaa hivyo hivyo. Mtu akileta betri, nauliza, mama yake yuko wapi? Akileta mnyororo, mama yake yuko wapi? Nataka nione ulikotoka, nani kautengeneza, na huyo akiugua kesho nani atautengeneza. Karakana nzima walinitania. Nikiingia tu mtu anapiga kelele, "Mkurya kaja, ficheni mama zenu!"

Salehe naye alikuwa na sheria yake moja, akaniambia siku ya kwanza kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo: anayenunua anapanda. Boti ikitoka karakanani kwenda kujaribiwa majini, aliyenunua vifaa vyake anakuwa ndani. Hakuna kuugua, hakuna msiba wa shangazi. Nyie mna mikataba na mihuri. Sisi tulikuwa na hiyo. Niambieni ipi inamfanya mtu akague pampu mara mbili.

Na mimi maji nilikuwa nayaogopa! Mtu wa milimani, maji yangu ni ya kisimani. Nahodha wa boti alikuwa Sajini Otieno, Mluo wa kule Shirati, amezaliwa na samaki. Aliniona nimeshika ukingo kwa mikono miwili, akanitania kwa neno letu la kumwita kijana, "Mura, achilia boti ipumue."

Basi. Pampu.

Kila boti ilikuwa na pampu mbili za kutoa maji yanayokusanyika chini ya sakafu. Moja inazungushwa na injini kwa mkanda. Ya pili ni ya mkono, ina mpini mrefu wa mti, unasukuma na kuvuta. Ndani ya hiyo ya mkono kuna kitu kidogo tuliita kikombe, kwa sababu kimekunjwa pembeni kama kikombe cha chai. Ndicho kinachobana ukuta wa pampu ili maji yapande. Kikombe kikichoka, unasukuma hewa. Ni kitu cha kujaa kiganjani, na ndicho kinachokurudisha kwa watoto wako.

Vikombe vya mpira vilikuwa vinatoka ng'ambo ya mpaka. Aliyetuletea alikuwa mwenye duka mmoja pale Tarime mjini, ana lori, ana tumbo, ana neno moja tu: kesho. "Mzigo kesho, ndugu yangu." Tukamwita Bwana Kesho, na jina lake halisi nimelisahau, na sijutii. Alikuwa muuzaji wetu pekee, na sisi tukazoea, kama mtu mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa anavyozoea kumsifia. Halafu mpaka ukafungwa. Kufumba na kufumbua, kesho ikawa haifiki kabisa.

Alipobanwa akaanza kuleta vikombe vinavyong'aa sana. Nikamuuliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Ng'ambo, ndugu yangu, ng'ambo ya mbali."

Nikachukua kisu nikapasua kimoja pale pale mbele yake. Ndani nyuzi za tairi! Kakata tairi la lori, kapaka rangi. Nikamwambia, "Mama yake huyu namfahamu, anapita hapa nje kila asubuhi anabeba magunia." Akacheka nasi. Watu wa namna hii hawana haya, na ndiyo maana hawafi njaa.

Hapo ndipo Salehe alipokuna kichwa akasema zamani, kabla ya mpira, vikombe vya pampu vilikuwa vya ngozi. Ngozi! Nilisimama pale pale nikapiga makofi. "Afande, unamwambia Mkurya ngozi? Sisi tunazaliwa juu ya ngozi!"

Nyanungu kulikuwa na kikundi cha ngozi cha kijiji cha ujamaa. Mkuu wake ni Mzee Nyamhanga, rika la baba yangu. Kwetu rika la baba yako ni baba yako, unamwita tata, na humpingi hata akisema mvua inanyesha na wewe jasho linakutoka. Alikuwa bingwa. Analainisha ngozi kwa magome ya miti, anaichagua ya mgongoni, anaikunja ikiwa mbichi kwenye kibao alichochonga mwenyewe. Mkwe wake, Bhoke, mke wa mwanawe mkubwa, ndiye aliyevishibisha vile vikombe mafuta ya ng'ombe, siku baada ya siku, mpaka vinakuwa laini kama sikio la ndama.

Nilimpeleka Salehe mpaka kule akamwone mama wa vikombe. Akainama, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mura." Akala ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akajikaza, mtu wa pwani yule, jasho linamtoka. Tukabeba vikombe vya kwanza. Tukavitia kwenye pampu. Jamani! Pampu zilivuta kama ndama mwenye njaa. Msimu mzima, boti zote, hakuna tatizo. Kijiji kizima kikajua kwamba wanamaji wa nchi yao wanaelea kwa ngozi ya Nyanungu. Kina mama wa kikundi wakaanza kuzungumzia mashine ya kusaga, maana kazi ile ingewafikisha. Mimi nikitembea Tarime nilikuwa natembea katikati ya barabara.

Kisha Bwana Kesho akarudi kwa mlango wa nyuma. Lori lake ndilo lililobeba mizigo kutoka Tarime kwenda Musoma, na siku hizo lori ukilipata hulichagui. Magunia ya Nyanungu yakipanda lori yana vikombe vya ngozi, yakishuka yana vikombe vya ngozi na vya tairi vimechanganywa. Vizuri vyetu anaenda kuviuza kwa wenye mashine za maji mashambani. Salehe akasema, "Mwambie mzee aweke alama kwenye kila kikombe. Kisicho na alama hatupokei."

Amri nzuri. Ningepewa tena leo ningeipeleka tena. Nikafika Nyanungu nikasema, "Tata, wanamaji wanaomba alama yako."

Mzee Nyamhanga akasimama. Mzee mrefu yule, aliposimama nyumba ilipungua. "Wanataka alama yetu?"

"Ndiyo, tata."

"Kwenye boti za serikali?"

"Kwenye kila moja."

Akaingia ndani akatoka na chuma. Kile cha ukoo, cha kuchapia ng'ombe: mstari mmoja na pembe mbili juu. Kwetu alama ya mali ni moja tu, ni ya moto. Nyingine zote ni mchezo wa watoto. Ng'ombe wakiibwa wakapelekwa mpaka bonde la Mara, wakanyolewa, wakapakwa matope, alama ya moto inabaki inamwita mwenyewe. Basi akatengeneza chuma kingine kidogo kama kile, akakichomeka motoni, akachapa kila kikombe, pembeni, pale ukutani panapoonekana vizuri. Tss! Moshi. Harufu ya manyoya. Wazee wakaja kutazama, mmoja akalia machozi. Nami nilisimama pale kifua kimejaa. Nilifika Musoma nikavimwaga mezani, Salehe akavigeuza geuza, akasema, "Hivi Bwana Kesho havichezei." Sote tulivipenda. Mimi bado naipenda ile alama, niwe mkweli.

Tukavifunga. Karakanani vilivuta vizuri kabisa.

Na mimi nikanunua viatu.

Siku ya majaribio jua lilikuwa limewaka, ziwa limetulia, Otieno anapiga mluzi, Salehe yuko kando yake. Tulipokuwa mbali na nchi upepo ukageuka. Mawimbi ya ziwa letu hayana adabu ya bahari anayoisifia Salehe. Hayaji kwa mstari, yanakuja kama ng'ombe waliotishwa. Boti ikapigwa, na nyuma, pale mhimili wa rafadha, lile panga la kusukuma boti, unapotokea nje, maji yakaanza kuingia zaidi ya kawaida. Hakuna wasiwasi, kuna pampu ya injini. Mkanda wake ukakatika. Hakuna wasiwasi, kuna pampu ya mkono. Nikaushika mpini mimi mwenyewe, maana nimenunua mimi!

Mwanzo maji yalitoka kwa nguvu. Nikamwangalia Otieno kwa majivuno. Nikasukuma tena. Mpini ukawa mwepesi. Vijana, hakuna kitu kibaya duniani kama mpini wa pampu unaokuwa mwepesi ghafla. Nikasukuma, ukaenda wenyewe, kama mlango wa nyumba isiyo na mtu.

"Vuta, Mkurya!"

"Navuta!"

"Mbona maji hayatoki?"

"Muulize ng'ombe!"

Maji yakafika kwenye vifundo, yakapanda. Salehe akavua shati akaziba pale nyuma kwa kulisokomeza. Otieno akageuza boti kuelekea nchi kavu iliyo karibu. Waliobaki tukachota kwa ndoo, kwa sufuria ya chai, na ndoo zilipokwisha mimi nikavua viatu vyangu vipya nikachota kwa viatu. Otieno hata katika hali ile alikuwa na mdomo: "Sasa naona kwa nini umenunua namba kubwa!" Injini ilizima maji yalipoifikia, lakini tayari tulikuwa karibu, mawimbi yenyewe yakatusukuma mpaka tumbo la boti likagusa mchanga. Nikashuka nikalala kifudifudi nikaushika mchanga kama ndugu aliyepotea.

Kiatu cha kushoto kilikwenda na ziwa. Sijakiona mpaka leo.

Karakanani mkuu wa kikosi hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema mambo ya vijijini yaishie vijijini, turudi kwa mwenye duka. Na mwenye duka, kama kawaida ya fisi kujua ng'ombe kafia wapi, alikuwa tayari getini na boksi kwapani, anatabasamu. Nilimwona nikataka kumrushia kiatu kilichobaki.

Salehe ndiye aliyetuokoa. Alifungua pampu, akachukua kikombe chenye alama, akachukua na cha zamani kisicho na alama kutoka boti nyingine kilichofanya kazi msimu mzima. Akaviweka juani. Akavikunja. Cha zamani kikakunjika kama kitambaa. Kipya kikalia, kra! Akanisogezea. "Tazama ufa unaanzia wapi." Ulianzia kwenye pembe ya ile alama. Na wa pili, pembe nyingine. Moto ulikuwa umeiua ngozi pale, umeikausha, mafuta hayaingii. Ikikaa majini na kusukumwa, inapasuka kufuata mchoro wa ukoo wetu kama njia ya ng'ombe.

Nilikaa chini kwenye sanduku. Miaka yote nilimjua muuzaji mwizi. Nikamjua na yule mwaminifu ambaye mpaka ukifungwa au karantini ya ng'ombe ikitangazwa hana cha kukupa. Huyu sikumjua: muuzaji anayekupenda mno, anayekupa na kile ambacho hukumwomba.

Salehe akamwendea mkuu, akaomba jaribio moja la mwisho. Mkuu akakubali, akasema, "Zikishindwa tena, nisisikie neno ngozi kwenye kikosi changu." Kwa hiyo ni hivyo: pampu ivute, kikundi cha Nyanungu kiishi, isivute, kikundi kife, mashine ya kusaga ife, na wanamaji wabaki kuelea kwa tairi la Bwana Kesho. Na mimi ndiye wa kwenda kumwambia Mzee Nyamhanga.

Utamwambiaje tata wa rika la baba yako kwamba alama ya ukoo imetaka kuua watu? Haisemeki. Nilifika, nikasalimia, nikanyweshwa maziwa, nikauliza habari za kila ng'ombe kwa jina. Kisha nikakitoa kile kikombe kilichopasuka nikakiweka chini mbele yake, nikatazama mlima.

Akakichukua. Akakigeuza. "Mmeitunza vibaya," akasema.

Tata hapingwi. Bhoke alikuwa pembeni anakamua. Yeye naye hawezi kumpinga baba mkwe, hata jina lake halitamki. Lakini ndama alikuwa amefungwa karibu yake, na Bhoke akaanza kusema na ndama, kwa sauti ya kutosha.

"We ndama, wewe mwenyewe ulichomwa hapo pajani. Manyoya yameota? Hayajaota. Nikikupaka mafuta yanaingia? Yanateleza tu. Nilivyovipaka vile vyenye alama, pale pa moto palikataa mafuta kama jiwe. Ningemwambia nani? Nimekwambia wewe."

Mzee akapitisha kidole gumba kwenye ufa, taratibu, akaufuata kutoka pembe mpaka chini.

"Huyo ndama," akasema mwishowe, "alijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," Bhoke akamwambia ndama.

"Siku nyingine ndama aseme mapema."

Vijana, andikeni hilo mahali, kwa kuwa mnapenda kuandika. Ukienda kumkagua muuzaji, usitazame vitu vyake tu. Tazama kama nyumbani kwake kuna mtu anayeweza kumwambia amekosea. Nyanungu alikuwepo, ila mpaka apitie kwa ndama. Nimekagua viwanda vikubwa baadaye ambavyo havikuwa hata na ndama.

Mzee akatengeneza vikombe vipya, safi, bila moto. Lakini jambo moja likamkaa kooni. "Alama iende wapi? Yule wa lori atabadilisha tena."

"Nitavibeba mwenyewe, tata."

"Hapana. Nitavibeba mimi, mpaka ndani ya hiyo pampu." Na Bhoke akamwambia ndama kwamba karakana ile ina sheria niliyowasimulia, anayenunua anapanda, basi anayeleta naye apande. Mzee akasema basi atapanda. Akavaa koti lake zito, akachukua mfuko wa ngozi ambao hakutaka nimshikie, tukashika basi la Musoma.

Alikuwa hajawahi kuliona ziwa. Alisimama ufukweni akalitazama muda mrefu kama anavyotazama fahali la mtu mwingine. Otieno akaja, "Shikamoo mzee, karibu majini kwa Waluo."

"Marahaba. Ng'ambo yake iko wapi?"

"Haionekani, mzee."

"Nani kaweka maji mengi namna hii bila ng'ambo?"

Alipopanda uso wake ulikuwa wa jiwe. Akauliza, "Mkia uko upande gani?" Otieno hakuelewa. Nikamweleza kwamba sisi tukivuka mto Mara tunashika mkia wa ng'ombe, yeye anaogelea sisi tunavutwa. Otieno, Mungu ambariki, hakucheka. Akamshika mkono akampeleka nyuma. "Mkia ni huu, mzee." Mzee akaushika ukingo wa nyuma kwa mikono miwili, akatulia.

Tukatoka. Tulipofika mbali Salehe akazima pampu ya injini kwa makusudi, akafungua maji ya ziwa yaingie chini ya sakafu. Makusudi! Yakaanza kupanda, yakafika pale pale yalipokuwa siku ile. Nikaangalia miguu yangu. Siku hiyo nilikuja pekupeku. Mkuu wa kikosi alikuwa amesimama gatini na darubini yake, na kule nyuma yake nina hakika kulikuwa na boksi la Bwana Kesho.

Nikaushika mpini. Mzee akasema, "Toka."

Akaushika yeye. Akasukuma, akavuta. Maji yakatoka. Akasukuma tena, na mimi nikabana pumzi nikingoja ule wepesi. Haukuja! Mpini ulikuwa mzito, mzito vizuri, mzito kama kazi. Maji yakatoka kwa bomba yakamwagika ubavuni mwa boti, yakamwagika, yakamwagika, na Salehe akaanza kucheka peke yake. "Mkurya! Unakumbuka lile dume la mnadani?" Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye maji. Otieno akapokea mpini, nikapokea mimi, kikombe hakikulia, hakikupasuka, na sakafu ikatokea ikiwa kavu, mbao kwa mbao. Mzee alipiga magoti akaipapasa kuhakikisha.

Halafu akafungua ule mfuko wake. Chuma!

Salehe akaruka. "Mzee wangu, tulikubaliana. Hakuna moto kwenye ngozi."

"Nimesema ngozi?" Mzee alikuwa anautazama mpini wa pampu. Mpini wa mti mgumu, mkavu, mzuri.

"Hiyo ni mali ya serikali, mzee."

"Na si ndiyo mnatufundisha kijijini kila mkutano, kwamba mali ya serikali ni yetu sote?"

Otieno tayari alikuwa ameingiza chuma kwenye jiko la chai. Kilipokuwa chekundu mzee akakishika kwa kitambaa, akalenga, akakandamiza. Moshi ukapanda, na safari hii ulinukia mti. Mstari mmoja na pembe mbili juu, nyeusi, safi, mahali ambapo kila mwanamaji atakayeishika pampu hiyo kiganja chake kitaigusa.

Mzee akapuliza majivu. Akaitazama kazi yake, akalitazama lile ziwa lisilo na ng'ambo, akarudi nyuma kuushika mkia wake.

"Sasa," akasema, "ikizama, watajua ng'ombe alikuwa wa nani."